Mfupa na Orodha

Mchezo wa kompyuta wa Skyrim huanza na wafungwa waliofungwa mikono, wamepakiwa kwenye mkokoteni. Wakifika mji wa Helgen wanashushwa, na askari mmoja anaita majina kutoka kwenye orodha. Akifika kwako anasita, anakuuliza wewe ni nani. Hapo mchezo unasimama na kukufungulia ukurasa wa kuchagua kabila, jinsia, pua, macho, nywele na jina. Ukishajibu, askari anapekua orodha yake, hakuoni, anamgeukia kamanda kuuliza huyu asiyeandikwa afanyweje. Kamanda anamwambia aachane na orodha. Mtu huyu naye aende kukatwa kichwa.

Mara ya kwanza kupita mlango huo nilikuwa Ngara, si muda mrefu baada ya mchezo kutolewa tarehe 11 Novemba 2011, na sikuuwazia kitu. Nilichukua sura iliyojitokeza mwanzo, nikaenda zangu kupigana na majoka. Ni Remera, mtaa wa Kigali, miaka mingi baadaye, nilikokaa nikautazama ukurasa ule kwa makini.

Nilikwenda Kigali kufundisha Kiswahili. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili kuwa moja ya lugha zake rasmi, kwa hiyo mwalimu kutoka Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Rusumo, hakukosa wanafunzi. Nilipanga chumba cha uani upande wa Giporoso, mahali ambapo honi za pikipiki hazilali. Uwanja wa Amahoro ulikuwa bado unajengwa upya, kabla haujafunguliwa tena Julai 2024 ukiwa na viti 45,000, na winchi zake zilionekana kutoka karibu kila kona ya mtaa. Mama mwenye nyumba alizaliwa Karagwe, uhamishoni, akarudi kwao baada ya 1994. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha baadhi ya walimu wenzangu. Mwanawe wa mwisho, mwanafunzi wa chuo, aliniita mwalimu mbele ya mama yake, na tukibaki wenyewe akaniita kaka.

Kijana huyo alikuwa na Skyrim, lile Toleo Maalumu la mwaka 2016 linalokula kama gigabaiti 12 za diski, na alikuwa na jambo moja alilolitaka. Sebuleni kwao palitundikwa picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe ya babu yake mzaa mama akiwa kijana, amenyolewa amasunzu: nywele zilizochongwa zikaachwa zisimame kama matuta na miezi michanga kichwani. Mtindo huo walikuwa nao wanaume, na wasichana ambao hawajaolewa. Siku hizi umerudi mitaani kidogo kidogo, na Lupita Nyong'o alipotokea kwenye tuzo za Oscar mwaka 2018, nywele zake zilichota humo. Kijana alitaka kuingia Helgen akiwa na uso wa babu yake na nywele za babu yake.

Mchezo wenyewe haukuweza. Una makabila kumi ya kuchagua, na wanadamu wenye ngozi nyeusi ndani yake huitwa Redguard. Ukimchagua huyo, unapewa nyuso kadhaa na mitindo michache ya nywele, na vipimo vya kuburuta ambavyo vikifika mwisho havisogei tena. Tulijua kwamba dawa yake ipo. Kuna modi, yaani nyongeza iliyotengenezwa na wachezaji, inayoitwa RaceMenu, kazi ya mtu anayejulikana kwa jina la Expired, ambayo huuondoa ukurasa ule wa mwanzo na kuweka mwingine wenye uhuru mkubwa zaidi. Inapatikana Nexus Mods, ghala lililoanzishwa mwaka 2001 na Mwingereza Robin Scott, na haiuzwi. Asiyelipia uanachama hupunguziwa tu kasi ya kupakua, jambo ambalo kwa modi ndogo kama hii halimuumizi mtu.

Tuliamua kuisakinisha kupitia Mod Organizer 2. Yapo mameneja mengine ya modi, na Vortex ya Nexus wenyewe ndiyo inayopendekezwa kwa wanaoanza, lakini Mod Organizer ina tabia moja niliyoipenda tangu zamani: haiigusi folda ya mchezo. Kila modi inakaa katika folda yake pembeni. Unapoufungua mchezo kupitia meneja, mchezo unaonyeshwa folda moja ya kubuni ambamo vyote vimechanganywa, nao unaamini ndivyo ulivyo. Ukiondoa tiki mbele ya modi, modi haipo tena, na mchezo umebaki vilevile ulivyotoka dukani. Mtu anaweza kujaribu wazimu wowote na kesho akarudi alikotoka.

Upande wa kushoto wa meneja kuna orodha ya modi, na mpangilio wake una maana. Modi mbili zikileta faili lenye jina moja, iliyo chini ndiyo inayoshinda. Ni kama mavazi: unaweza kuvaa shati zuri namna gani, ukivaa kanzu juu yake watu wataona kanzu. Upande wa kulia kuna plagini, faili za modi ambazo mchezo huzisoma moja moja, nazo zina kikomo cha 254 kwa zile nzito. Kijana aliniuliza nani aliamua namba hiyo ya ajabu. Hakuna aliyeketi akaiamua. Mchezo huitambua kila plagini kwa tarakimu mbili za hesabu ya msingi wa kumi na sita, na tarakimu mbili za namna hiyo haziwezi kutoa zaidi ya namba 256. Mbili kati ya hizo mchezo unazihitaji kwa kazi zake, zinabaki 254. Ukitaka kuongeza kwa nguvu, mchezo hauwezi hata kukuhesabia.

Hapo ndipo nilipoanza kumtenganishia kijana, na kujitenganishia mwenyewe, aina mbili za mipaka. Nyingine ni mfupa: kitu kimejengwa hivyo, na ukivunja hapo kinaanguka chote. Nyingine ni orodha: mtu aliandika safu, akaweka majina aliyoyakumbuka siku hiyo, akaenda nyumbani. Kwa nje zote mbili husema neno lilelile, haiwezekani.

Mfupa mkubwa wa kazi yetu ulikuwa SKSE. Hiyo ni programu ya nyongeza inayojipachika kwenye mchezo ukiwa unakimbia na kuupa uwezo ambao watengenezaji, Bethesda, hawakuuweka. RaceMenu inaitegemea. Faili zake za msingi haziingii pamoja na modi nyingine. Zinawekwa kwa mkono kando ya faili kuu la mchezo, na kuanzia hapo mchezo haufunguliwi tena kwa Steam, duka la michezo, bali kwa SKSE, ukiichagua ndani ya meneja. Ukisahau ukafungua kwa njia ya kawaida, SkyUI, modi inayopanga upya kurasa za mchezo, inakuandikia wazi kwamba SKSE haifanyi kazi. Tena SKSE ina masharti makali: toleo lake lazima lilingane na toleo la mchezo hadi tarakimu ya mwisho, kwa sababu inashika sehemu mahususi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, na mchezo ukibadilishwa hata kidogo sehemu hizo zinahama.

Tuliliona hilo kwa macho. Tarehe 5 Desemba 2023, Bethesda walitoa sasisho la Skyrim, mchezo ambao wakati huo ulikuwa umetimiza miaka kumi na miwili. Steam ikalishusha kimyakimya. Kilichokuwa kikifunguka jana hakikufunguka leo, na kilio hicho kilikuwa cha wachezaji wa modi dunia nzima. Kijana alikasirika, akataka kufuta kila kitu aanze upya. Nilimwambia asiguse chochote. Huwezi kumbembeleza mfupa. Unamsubiri anayeujua aujenge upya, na watu wa SKSE, wanaofanya kazi hiyo bila malipo kwa kila sasisho, waliijenga, kisha wenye modi wakafuata mmoja mmoja. Kazi yetu ilikuwa kusoma namba za matoleo, kuzilinganisha, na kuiagiza Steam isisasishe mchezo ila pale tunapoufungua kupitia kwake. Kwa kuwa sisi tulifungulia kwa SKSE, mchezo ukatulia.

Siku RaceMenu ilipofunguka sawasawa, kijana alipiga kelele mpaka majirani wakasikia. Ukurasa mpya una namba mbele ya kila kipimo. Upana wa pua, urefu wa kidevu, umbali kati ya macho, vyote vinasogea kwa sehemu ndogondogo, na kuna sehemu ya kufinyanga ambako unashika uso kwa kipanya na kuuvuta au kuubonyeza kama udongo. Aliisimamisha picha ya babu pembeni ya skrini, akaanza.

Mama aliingia na chai ya maziwa, akasimama nyuma yetu. Pua kwenye skrini ilikuwa ikipanuka na kusinyaa, na namba pembeni ikipanda na kushuka.

"Mnapima nini?"

"Pua, mama. Tunaitafuta ya babu."

Alitazama kwa muda. "Babu yako alikuwa akisimulia walivyokuja watu na vyuma vya kupimia. Mmoja anapima pua, mwingine anaandika." Kisha akasoma juu ya ukurasa. "Na hapo inauliza kabila?"

"Ni mchezo tu, mama."

"Sawa, ni mchezo. Ila sisi hapa swali hilo tulishalitoa kwenye karatasi."

Akaweka chai mezani, akarudi jikoni.

Kila anayeishi Kigali anajua alichokuwa akikisema. Wabelgiji, katika sensa ya mwaka 1933 na 1934, waliwaandika Wanyarwanda kwa makundi, Watutsi likiwa mojawapo, na kuwapa vitambulisho vyenye kundi la kila mmoja. Hapo kabla mtu aliweza kuhama kutoka kundi moja kwenda jingine kadiri maisha yake yalivyobadilika. Baada ya kadi, mtu akawa kile kilichoandikwa, na watoto wake wakakirithi. Watafiti wa kikoloni walikuwa wamekwisha kupima pua na vimo ili kadi zionekane kama elimu ya mifupa, kumbe zilikuwa safu kwenye daftari. Mwaka 1994, katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, kadi hiyohiyo ndiyo iliyoombwa kwenye vizuizi vya barabarani. Kutoka nyumbani kwetu hadi Uwanja wa Amahoro, ambako maelfu walijificha chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa, ni mwendo wa miguu tu. Vitambulisho vya leo havina safu hiyo, na nchi inaendesha benki, hospitali na uchaguzi bila hiyo.

Sitaki kulinganisha mchezo na msiba. Lakini maneno ya mama yalinifanya niutazame upya ukurasa uliokuwa mbele yetu, na nikaona jambo ambalo RaceMenu inaliacha kama lilivyo. Unaweza kuubadilisha uso wote, ukamchukua Redguard ukampa pua ya kabila la Nord na kidevu cha mtu wa tatu, na bado safu ya kabila inaamua uwezo wako. Nord hupunguziwa nusu ya madhara ya baridi. Redguard hupunguziwa nusu ya madhara ya sumu. Mwenye asili ya High Elf huanza na nguvu za kichawi zaidi ya wenzake. Uso umekuwa huru, hesabu iliyo chini yake haijasogea.

Kijana akauliza kama hilo nalo ni mfupa. Swali zuri, na halijibiwi kwa kukisia. Tulifungua SSEEdit, programu inayokuonyesha ndani ya faili za mchezo, tukatafuta kumbukumbu za makabila. Kila kabila lilikuwa jedwali. Kinga ya baridi ilikuwa mstari mmoja, ukiufuta Nord anasikia baridi kama sisi wengine, na mchezo unaendelea bila kutikisika. Palepale, katika faili zilezile, kulikuwa na vitu visivyofutika kirahisi: anwani ya mifupa halisi ya mwili ambayo mwendo wote wa mhusika umefungwa juu yake. Viwili hivyo vimekaa jirani na vimeandikwa kwa herufi za aina moja. Bila kufungua, usingejua kipi ni kipi.

Lakini kilichotufundisha kuliko vyote ni nywele. Uso wa babu ulipatikana, ukahifadhiwa kama sura ya kupakia wakati wowote, na kwa kuwa tulitumia Mod Organizer faili lake likaenda kukaa kwenye folda ya Overwrite, ambako meneja huweka kila kinachozaliwa mchezo ukiwa wazi. Amasunzu haikupatikana. RaceMenu inapanga na kuvuta vilivyokuwepo, haioteshi kitu. Kama hakuna mtu duniani aliyewahi kuchonga mtindo huo, hakuna kipimo cha kuburuta kitakachokufikisha huko. Tulipekua maghala. Zipo nywele za kila namna zinazopepea kwa upepo wa milima ya theluji, nyingi mno. Za babu hazikuwamo.

Basi kijana akajifunza Blender, programu ya bure ya kuchonga maumbo, na hapo akagundua bahati ambayo hakuitarajia. Nywele ndefu ni kazi ngumu kwa wachongaji wa michezo, kwa sababu lazima zitengenezwe kwa vipande vingi vyembamba vinavyoonyesha nuru kupita. Amasunzu zilishachongwa tangu kwa kinyozi. Ni umbo lililotulia, lenye kingo na matuta, na kompyuta inalipenda umbo la namna hiyo. Jambo lililokosekana kwenye mchezo na kwenye maghala tuliyoyapekua halikukosekana kwa ugumu wake. Lilikosekana kwa kuwa hakuna aliyelikumbuka.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuliingiza umbo lile mchezoni kwa Creation Kit, zana ambayo Bethesda wenyewe waliwapa wachezaji. Zana hiyo, kabla ya kukubali nywele zozote, hudai ujaze nafasi moja: makabila yanayoruhusiwa kuzivaa. Zipo orodha zilizotayarishwa. Kijana akachagua ile ya makabila yote isipokuwa mawili ya wanyama, Khajiit wenye sura ya paka na Argonian wenye sura ya mjusi. Kisha, kwa kuwa sasa hakuamini orodha yoyote, akajaribu kuwaongeza na hao. Masikio ya paka yakatoboa matuta, fuvu la mjusi likazipita nywele kwa nyuma. Akacheka, akawatoa. Hapo palikuwa na mfupa kweli, na ameuona mwenyewe. Wengine wote waliobaki walikuwa majina tu ya kutiwa tiki, na wakatiwa.

Faili lile lilizunguka Giporoso na mtaa jirani wa Kisimenti kwa flashi. Kuurekebisha mchezo uwe wetu ni desturi ya ukanda huu, zaidi ya tunavyojisifia. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi walichukua Bus Simulator Indonesia, mchezo uliotoka mwaka 2017 na wenye barabara za Indonesia, wakayavisha mabasi yake rangi na majina ya kampuni za huku kwetu. Waliojenga mchezo waliacha nafasi ya mtu kuweka rangi zake, na nafasi ikiachwa huku kwetu haikai tupu.

Mimi nilichokichukua nilikipeleka darasani. Fomu ya kuwapokea wanafunzi niliyoikuta ilikuwa na safu ya mahali mtu alikokulia, na kwa safu hiyo watu waligawanywa: waliokulia Tanzania wakaenda darasa la juu, waliosoma Rwanda wakaanza na salamu. Ilionekana kuwa na akili. Lakini kulikuwa na mfanyabiashara wa Rubavu, mji uliopakana na Goma, aliyekuwa akikaa na wanaojifunza kusema habari za asubuhi, ilhali amebishana bei kwa Kiswahili kila siku ya maisha yake ya utu uzima. Kando yake, kijana aliyezaliwa Mwanza na kuondoka akiwa mchanga alikuwa akizama kwenye darasa la ngeli. Niliuliza safu ile imetoka wapi. Hakuna aliyejua, kila mmoja aliikuta. Muhula uliofuata nikaitoa, na badala yake nikazungumza na kila mwanafunzi kwa muda mfupi kabla ya kumpangia. Zipo safu nilizoziacha, kama ya saa ambazo mtu anaweza kuhudhuria, maana bila hiyo ratiba haisimami. Ile ya makulio haikuwa imeshikilia chochote. Ilipotoka, madarasa yaliendelea, na mfanyabiashara wa Rubavu alikaa mbele kabisa kwenye darasa la juu, akinibishia.